Mlango wa Mama wa Mbunge

Wifi yangu Apolonija ana sauti ambayo haijawahi kutoboa siri yake. Ukimsikiliza huwezi kujua kama ameshiba au ana njaa, kama amefurahi au moyo unamchemka. Si sauti ya ubaridi, la. Ina upole wake, upole wa maziwa yaliyotulia bakulini. Unayatazama, na unachokiona ni uso wako mwenyewe. Kwa sauti hiyo aliajiriwa mara mbili maishani, na sauti hiyo hiyo ndiyo iliyomleta mbunge wa jimbo letu mpaka jikoni kwake, viatu vimejaa tope, kuomba jambo ambalo hakupewa.

Kazi ya kwanza aliipata akiwa msichana, kwenye swichibodi ya posta ya hapa Juodšilė. Simu zote za wilaya zilipita masikioni mwake. Alijua nani amezaa, nani amefiwa, nani anasema yuko mjini Kaunas kumbe yuko kwa jirani. Aliunganisha waya, akasikia, akasahau. Au alijifanya kusahau, maana miaka mingi baadaye, mashine ilipoletwa na chumba cha swichibodi kikafungwa kwa kufuli, aliniambia kwamba akifumba macho mchana, akijinyoosha kidogo baada ya chakula, wilaya nzima inaanza kuongea kichwani mwake, kwa sauti ya chini, kama watu walio ng'ambo ya mto.

"Wanasema nini?" nilimuuliza.

"Wanasema haloo," akajibu. "Haloo, haloo, unanisikia?"

Wakati huo alikuwa mjane. Mume wake, Jurgis, alikuwa mpima misitu, na msitu ndio uliomchukua: moyo ulisimama akiwa kati ya misonobari, na walipomkuta alikuwa ameegemea mti kama anayepumzika, kofia mapajani. Hawakujaliwa mtoto. Mume wangu Zigmas ni mdogo wake Apolonija, na nyumba zetu zimeshikana ukuta. Akikohoa kwake, mimi huku nachemsha chai.

Kazi ya pili ilikuja na mwanamke kutoka mji mkuu, Vilnius, wa kampuni moja ya utafiti wa maoni, aliyezunguka wilayani kutafuta watu wa kuuliza maswali. Walikwenda wengi kujaribiwa, walimu hata mhasibu wa ushirika. Kila mmoja alipewa karatasi asome maswali kwa sauti. Mwalimu alisoma kama anayesahihisha makosa, mhasibu akasoma kama anayedai. Apolonija aliposoma, yule mwanamke wa Vilnius aliinua kichwa akamwambia, "Soma tena swali hilo." Akasoma tena. "Wewe mwenyewe unalijibuje?" Apolonija akamwangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo.

Akapata kazi.

Ilikuwa miaka ile ya pesa yetu ya lita, kabla ya yuro. Kila mwezi basi la asubuhi lilimletea mkoba wa madodoso pamoja na karatasi ya njia: aanzie nyumba gani, aruke nyumba ngapi, akifika azungumze na nani. Maswali yalikuwa ya kila aina, bei ya mkate, hospitali, vita vya mbali. Lakini swali ambalo watu walilingojea lilikuwa la majina. Apolonija alitoa kadi ndefu ya wabunge na mawaziri, akauliza kwa kila mmoja: kwa jumla, una mtazamo mzuri au mbaya juu ya mtu huyu? Nawe ulijibu mzuri, mbaya, sina la kusema, au simjui. Wiki chache baadaye gazeti lilichapa ngazi nzima, nani amepanda, nani ameshuka, na dukani kwetu watu wakaijadili kama matokeo ya mpira.

"Wewe ndiye uliyemshusha yule wa masharubu," nilikuwa nikimtania.

"Mimi sishushi mtu, Liucija. Mimi nabeba tu."

"Mbebaji naye si huchagua mzigo?"

"Ungekuwa wewe ungechagua. Ndiyo maana hawakukuajiri."

Alipenda kazi ile, ingawa hakuwahi kusema hivyo. Nilimwona akirudi jioni kutoka vijijini, buti zimelowa, uso umelainika kama wa mtu aliyetoka kuota ndoto nzuri. Watu walimwambia mambo. Kuna mzee mmoja aliyempa kila jina "mzuri", kutoka juu hadi chini, na alipokumbushwa kwamba anaweza kusema vingine akajibu, "Niwaseme vibaya ya nini? Wote ni watoto wa watu." Kuna mwingine aliyekuwa akipasua kuni, akasema mbaya, mbaya, mbaya, kila jina na pigo lake la shoka, mpaka akafika kwa mbunge mmoja mwanamke. Akaweka shoka chini. "Huyu mzuri," akasema. "Anavaa kitambaa shingoni kama marehemu mke wangu." Apolonija akaweka alama kwenye "mzuri" na kuendelea na jina linalofuata. Hayo ndiyo aliyonisimulia, bila jina la mtu wala la kijiji, na zaidi ya hapo hata ukimbembeleza hakuongeza.

Mbunge wetu wakati huo alikuwa Rapolas Dabulskis. Nje ya jimbo huenda hakuna aliyemjua, lakini hapa tulimjua vizuri kuliko tunavyomjua padri, maana kabla ya siasa alikuwa daktari wa mifugo. Mikono yake ilikuwa imeingia ndani ya nusu ya ng'ombe wa wilaya. Alikuja usipomtarajia, akavua kofia mlangoni pa zizi, na hakuivaa tena mpaka atoke. Tulimchagua kwa sababu hiyo, sioni aibu kusema. Tulidhani mtu anayevua kofia mbele ya ng'ombe hatashindwa kutuheshimu sisi. Akaenda Vilnius. Tukaanza kumwona kwenye televisheni, amenyoa vizuri, akitumia maneno yenye "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". Watu wa Užubaliai, kijiji alikozaliwa, walikuwa na daraja la mbao juu ya mto ambalo mafuriko yalilichukua, na yeye alikuwa amewaahidi daraja jipya, akiwa amesimama pale pale kwenye magogo yaliyobaki, kampeni ilipoanza. Sasa walikuwa wakizunguka msituni kwenda shule na kanisani.

Mwezi Oktoba, mwaka wa tatu wa ubunge wake, karatasi ya njia ilimpeleka Apolonija Užubaliai. Yeye hakujifunza kuendesha gari, na mimi nilitaka kwenda huko huko kuchuma matunda mekundu ya kinamasi, kwa hiyo nikamchukua. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito sijapata kuona. Barabara iliyeyuka mbele ya gari. Misonobari ilijitokeza mmoja mmoja, ikatuangalia, ikarudi ilikotoka. Tulipofika kijijini hapakuwa na kijiji, palikuwa na jogoo tu anayewika mahali fulani juu yetu, kana kwamba banda lake lilikuwa limening'inizwa mawinguni.

"Kinamasi leo kitakumeza," Apolonija akaniambia. "Njoo na mimi. Lakini ukiingia ndani, kaa kimya kama sufuria."

Tukatembea. Alikuwa akihesabu mageti kwa mkono, akiyagusa. Tulibisha nyumba mbili tukajibiwa, moja tukafukuzwa na bata. Nyumba iliyofuata ilikuwa na ukuta wa mbao uliopakwa bluu, na harufu ya moshi wa mti wa mbetula ikitoka. Apolonija akabisha. Mlango ukafunguka, na ndani ya mlango alisimama bibi kizee mdogo, kitambaa kichwani, sweta ya kiume imemfika magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema Apolonija.

"Milele, amina. Nani huyo? Sioni mbali."

Mimi nilimtambua papo hapo, na Apolonija pia. Nilimwona akishika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa Barbora Dabulskienė, mama yake mbunge. Bila ukungu tungeiona nyumba kutoka mbali na kuwa na nafasi ya kufikiri. Lakini nyumba ilikuwa ni hiyo, karatasi ya njia haikusema "isipokuwa kwa mama wa mtu", na Apolonija hakuwa mtu wa kurukia nyumba nyingine kwa sababu hii inamtia woga.

"Mimi ni mhojaji, mama. Nauliza watu maoni yao. Majibu ni siri. Ukipenda utakataa."

"Nikatae kwa nini? Tangu Pasaka hakuna aliyeniuliza kitu ila kama nimekunywa dawa. Ingieni, mnaniingizia ukungu."

Alituketisha karibu na jiko. Akatupa chai ya maua ya mti na mkate mweusi wenye asali, akatusogezea na nyama ya mafuta iliyokaushwa kwa moshi, akakasirika tulipokata vipande vyembamba. Saa ya ukutani ilikuwa ikitembea polepole, na madirisha yote yalikuwa meupe, kama nyumba imefungwa ndani ya pamba. Nilihisi usingizi wa ajabu, ule wa utotoni, wakubwa wanapoongea, nawe hutakiwi kuelewa. Apolonija aliuliza, bibi akajibu. Bei ya mkate: mbaya. Hospitali: "hospitali gani?" Vita vya mbali: akafanya ishara ya msalaba.

Kisha kadi ya majina. Kwa kuwa bibi hakuona vizuri, Apolonija alimsomea jina moja moja na kusubiri. Barbora alijibu haraka, kama anayechambua maharage: huyu mzuri, huyu mbaya, huyu simjui, huyu mbaya, ana macho ya muuza farasi. Halafu Apolonija akasoma, kwa sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka:

"Rapolas Dabulskis."

Kuni zikapasuka ndani ya jiko. Barbora akaweka mikono mapajani.

"Hebu rudia."

"Rapolas Dabulskis. Kwa jumla, una mtazamo mzuri au mbaya juu ya mtu huyu?"

"Unajua mimi ni nani, binti?"

"Najua, mama. Ukitaka tutaruka."

"Nimesema turuke?" Aliongea akiliangalia dirisha jeupe. "Rapolas wangu ananipigia simu kila Jumapili. Kuni zile kaleta yeye. Nikiumwa kidogo tu anataka kunipeleka Vilnius, nikafie kwenye lifti. Huyo mtazamo wangu juu yake ni mzuri, tena nitakwenda nao kaburini. Lakini kuna yule wa kwenye televisheni. Yule ameahidi daraja. Watoto wa jirani wanapita msituni na giza, halafu yule anasema kwa upande mmoja, kwa upande mwingine. Mto una pande mbili, hata mimi najua, ndiyo maana watu wanataka daraja!" Akageuka. "Sasa karatasi yako inamuulizia yupi?"

"Inamuulizia mbunge, mama."

"Basi mbaya."

Sikuweza kujizuia, nikapumua kwa nguvu. Apolonija aliweka alama. Nilimwangalia mkono: haukuharakisha. Akasoma jina linalofuata. Lakini tulipotoka nje, na mlango ukafungwa nyuma yetu, alisimama getini ameshika mti wa geti kama mtu anayepima kama ardhi bado ipo.

"Liucija," akasema.

"Najua. Mimi ni sufuria."

Madodoso yakaenda Vilnius na basi la asubuhi. Novemba ikaingia, tukawasha mishumaa makaburini siku ya marehemu wote, na Apolonija akakaa kwa Jurgis mpaka mishumaa ikaisha. Halafu gazeti la wilaya likachapa ngazi, safari hii na safu ya jimbo letu peke yake. Rapolas Dabulskis alikuwa chini kabisa. Hata yule mwenye macho ya muuza farasi, ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu, alikuwa juu yake.

Dukani watu walijifanya kusikitika. Kila mmoja alisema, "Masikini, sijui ni akina nani wamemsema hivyo," na kila mmoja alikuwa amemsema hivyo.

Rapolas alikuja theluji ya kwanza ilipoanguka, mchana, bila dereva. Mimi nilikuwa kwa Apolonija tunamenya viazi vya kutengenezea chapati za viazi. Tukasikia gari, tukasikia mtu akikung'uta viatu, lakini theluji ilikuwa ya majimaji na tope lilibaki palepale. Akaingia amevua kofia.

"Karibu, mheshimiwa," akasema Apolonija.

"Niite Rapolas, dada Polia," akasema, kwa jina letu la kumfupishia Apolonija. "Ng'ombe wako wa kwanza alizaa mikononi mwangu."

"Yule alikuwa wa Liucija."

"Kweli. Mwekundu, mwenye hasira."

"Amefanana na mwenyewe," akasema Apolonija, na sote tukacheka kidogo. Baada ya hapo hatukujua tena la kufanya na nyuso zetu. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, kofia mapajani, akaangalia mvuke wa sufuria.

"Mama anasema ulifika kwake," akasema hatimaye.

"Nafika kwa wengi."

"Nimemuuliza alinipa nini. Ameniambia nile supu yangu."

"Supu ya mama yako ni nzuri."

"Dada Polia, sikuja kugombana. Sitamfanyia mtu lolote, wala sitakwenda gazetini. Watu wa jimbo zima wanaweza kuniona mbaya, hiyo ndiyo siasa, nitalala. Lakini kila nikilala namwona yeye amekaa pale karibu na jiko, na wewe unamsomea jina langu, anafumbua mdomo, nami naamka kabla sijasikia. Kila siku hivyo hivyo. Niambie neno moja tu. Ni mama yangu."

Apolonija aliendelea kumenya. Ganda lilikuwa likishuka, refu, halikatiki.

"Na wewe Liucija ulikuwepo," mbunge akanigeukia. "Mama kaniambia mlikuwa wawili."

"Mimi nilikuwa nakula," nikasema.

"Rapolas," akasema Apolonija, na kwa mara ya kwanza nilisikia kitu ndani ya sauti yake, kitu kama mtu anayefungua dirisha. "Mwaka ule ulipoanza kazi hapa, kijana, ulikuwa unapiga simu mji wa Alytus kila jioni. Unakumbuka?"

Masikio ya mbunge yakawa mekundu kama ya mtoto.

"Nakumbuka."

"Nani alikuwa swichibodi?"

"Wewe."

"Kuna siku yoyote, kanisani, dukani, harusini kwako, mtu alikutajia neno moja la yale uliyokuwa ukimwambia yule msichana?"

"Hapana."

"Basi."

Theluji ilikuwa ikiteremka nje kwa utulivu, mapande makubwa, mengine yakirudi juu kidogo kabla ya kuamua kuanguka. Rapolas alikaa akiiangalia. Hakukasirika. Nadhani alipata kupumzika hapo, labda kwa mara ya kwanza tangu gazeti litoke. Apolonija akamwekea chai.

"Mimi nikipita kwa watu wananiambia mazuri tupu," akasema Rapolas. "Wananishika mkono, wananipa uyoga wa chupa. Wewe unafanyaje wakakwambia kweli?"

"Sifanyi kitu. Mimi siwezi kuwapa wala kuwanyima. Wewe unaweza."

"Na wewe mwenyewe unanionaje?"

"Mimi siulizwi."

"Nakuuliza sasa."

Apolonija aliacha kisu. Nilijua hajawahi kuulizwa na mtu aliyekuwa akingoja jibu kweli. Alifikiri kwa haki kabisa, kama alivyofanya kila kitu, na mimi nikajikuta nimeinama mbele, nikitaka kusikia kuliko hata mbunge.

"Nikikujibu leo," akasema, "kesho nitabisha hodi kwa mtu, naye ataliona jibu langu usoni. Kunywa chai, imepoa."

Akanywa, akaaga, akatoka. Tukasikia gari likihangaika kwenye theluji kisha likanyamaza mbali.

"Ungempa hata nusu neno," nikamwambia. "Mwanaume anaota mama yake."

"Mwenye neno yuko Užubaliai," akasema. "Leta mafuta."

Baada ya siku ile Rapolas alibadilika, kila mtu aliona. Alikuja jimboni mara nyingi, akaenda ofisini kwa huyu na yule kuhusu daraja, akazungushwa, akarudi tena. Bajeti ilipitishwa bila daraja. Kwenye televisheni hakusema tena kwa upande mmoja. Mara moja alisimama bungeni akasema tu, "Nimeahidi na sijatimiza," na akakaa. Vilnius walimcheka. Sisi huku tulikuwa tumeshakata shauri, na mtu akishakata shauri hapendi kusumbuliwa na mambo mapya. Uchaguzi wa Oktoba iliyofuata ulimtupa nje mapema, wala hakufika duru ya pili.

Jumapili baada ya hapo tulikuwa uwanjani pa kanisa, misa imekwisha. Ukungu ulikuwa umerudi, mwembamba, ukidondoka kutoka kwenye miti ya uani. Rapolas alikuwa amemleta mama yake na amemshika mkono. Watu walikuwa wamewapisha njia wapite, na ile njia ilikuwa pana kupita kiasi. Kisha mwanamke mmoja wa duka la nyuzi akasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kutosha, kwamba afadhali sasa, mtu arudi kwa ng'ombe, ng'ombe hawaahidiwi madaraja. Wengine wakacheka.

Barbora akasimama.

"Nani amesema? Sioni mbali. Sogea." Hakuna aliyesogea. "Mimi mwenyewe nilimpa mbaya! Binti wa maswali alikuja kwangu, akaniuliza, nikasema mbaya, kabla yenu ninyi nyote kujua mnasema nini. Lakini mimi nilisema hivyo jikoni kwangu, kwa anayeuliza, tena kwa sababu ninamjua. Ninyi mnasema kwa sababu mmesoma gazetini kwamba wengine wamesema. Huyu alikuja kwa ng'ombe zenu usiku wa baridi, mkampa konyagi na asante. Sasa mpeni njia, na muifanye nyembamba kidogo, hatuna ukoma!"

Nilimwangalia Rapolas. Nilidhani ataumia. Uso wake ulifunguka taratibu, kama wa mtu anayeamka na kukuta asubuhi imefika na nyumba bado imesimama. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, akamwinamia mama yake akasema kitu ambacho hatukusikia, na bibi akampiga begani kwa mkoba.

"Nilikuambia ule supu!" akasema.

Kando yangu Apolonija alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu mno. Nadhani alikuwa ameibeba tangu getini, mwaka mzima.

Rapolas alihamia Užubaliai kwa mama yake na kurudi kwenye mifugo. Daraja lilijengwa na mbunge aliyemfuata, lenye vyuma vya kijani pembeni, na kwenye ngazi ya gazeti yule akapanda vizuri. Barbora alilitembelea mara moja, akagonga vyuma kwa fimbo, akasema ni imara. Alifariki kwake, karibu na jiko, kama alivyotaka.

Apolonija aliendelea kutembea mpaka kampuni ilipoanza kuuliza watu kwa simu kutoka Vilnius. Walimwambia ahamie huko akae na vipokea sauti masikioni. Akasema ameshawahi, kule posta.

Majira ya baridi mwaka juzi aliugua mapafu, joto likapanda sana, tukamlaza kwetu. Jioni moja nilipokuwa nikimbadilishia kitambaa cha paji la uso alianza kusoma majina. Kadi nzima, wabunge wa zamani, wengine wamekufa, wengine sijawasikia tangu wakati wa lita. Alisoma jina, akasubiri. Nikaona anahangaika, mkono unatafuta kitu juu ya blanketi, ndipo nikaelewa kwamba anangoja. "Mzuri," nikasema. Mkono ukatulia. Jina lingine. "Mbaya." Lingine. "Simjui, Polia." Tulikwenda hivyo, yeye na mimi, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, dirisha likiwa limejaa theluji, na nilikuwa nikimjibu kwa dhati kabisa, maana mbele yake huwezi kujibu vingine. Sijui tulimaliza saa ngapi. Nilisinzia kitini, nilipoamka joto lilikuwa limeshuka na yeye alikuwa ananiangalia.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Umeulizia wabunge."

"Kuna nilipotoa maoni yangu?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema, akageukia ukuta, akalala usingizi wa kweli.

Yuko hai na anatembea. Asubuhi hii amenipitishia viazi juu ya uzio na kunilaumu kwamba kisu changu ni butu.